Namba ileile katika kila kompyuta: namna matapeli wa "msaada wa kompyuta" wanavyotufunga macho

FundiKitasa (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu mwalimu mstaafu, kompyuta mpakato yake akiwa ameifunga kwa kitambaa kana kwamba ina homa, na mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwenye karatasi hiyo alikuwa ameandika, kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni, herufi na tarakimu hizi: 888DCA60-FC0A-11CF-8F0F-00C04FD7D062. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo namba ya pekee ya kompyuta yake. Mtu aliyempigia simu akijitambulisha kuwa mtaalamu wa Windows aliitaja yote bila kusita kabla yeye hajamsomea hata tarakimu moja, na kwa sababu hiyo Mwalimu aliamini kwamba mtu yule hakuwa tapeli. "Angeijuaje?" aliniuliza.

Sikumjibu. Nilifungua kompyuta yangu mwenyewe, nikaliita lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika neno assoc na kubonyeza Enter. Orodha ndefu ikashuka, na ndani yake ukaonekana mstari unaoanza na ZFSendToTarget. Nikamwomba asome namba iliyo kwenye skrini yangu huku mimi nikiifuatilia kwenye karatasi yake. Alipofika kwenye 8F0F alinyamaza, akavua miwani.

Namba ile si yake wala si yangu. Ni kitambulisho cha kipengele kidogo cha Windows kinachohusika na kutuma mafaili kwenye folda iliyofinywa, na kompyuta ya Windows ya jirani yako inacho hichohicho. Tapeli anaijua kama wewe unavyojua kwamba wiki ina siku saba.

Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya karatasi ile. Maonyo mengi kuhusu utapeli huu husema "usimpe mtu nywila yako" na kuishia hapo, ilhali Mwalimu hakumpa mtu nywila. Alishawishiwa kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ulitoka ndani ya kompyuta yake. Tapeli wa aina hii hana haja ya kuiharibu kompyuta yako ili akutishe. Anachofanya ni kukuonyesha vitu vya kawaida, vilivyokuwemo humo tangu siku ulipoinunua, kisha anavipa jina la ugonjwa. Kwa hiyo nitavieleza vitu hivyo kimoja kimoja, ili siku utakapoonyeshwa uvitambue kwa sura.

Kinachopendwa zaidi ni daftari la matukio, programu iitwayo Event Viewer, ambayo imekuwamo katika Windows tangu toleo la NT la mwaka 1993. Kazi yake ni kuandika kila jambo linalotokea kwenye mfumo: programu iliyochelewa kuwaka, printa ambayo haikuitika, saa iliyoshindwa kujilinganisha na saa ya intaneti. Makosa huwekewa alama nyekundu na tahadhari alama ya njano, na kompyuta yenye afya kamili huwa na mamia ya alama hizo. Tapeli hukuelekeza kulifungua, hukuomba uhesabu alama nyekundu kwa sauti, kisha hukukataza usibofye hata moja kwa kuwa, eti, virusi vitasambaa. Katazo hilo lina sababu yake: ukibofya utasoma maelezo, na maelezo yenyewe hayatishi mtu.

Kisha ipo amri ya netstat, inayoorodhesha miunganisho ambayo kompyuta inayo kwa wakati huo. Safu mojawapo ina kichwa cha Kiingereza kinachomaanisha tu anwani ya upande wa pili, lakini neno lililotumika linaweza pia kusomwa kuwa "ya kigeni", na tapeli hulisoma hivyo: hawa ni wadukuzi wa nchi za nje walio ndani ya kompyuta yako sasa hivi. Kwa hakika ni tovuti ulizozifungua na programu zinazotafuta masasisho. Amri ya tree ni mchezo wa kitoto zaidi, ingawa wengi wamenaswa nao. Hiyo hutiririsha majina ya folda zote kwa kasi, na wakati macho yako yakifuata mtiririko huo, tapeli aliyekwisha kuingia huandika kwa mkono wake, pale chini, maneno ya Kiingereza ya kutangaza virusi. Mtiririko ukiisha, maneno yale hubaki kana kwamba kompyuta ndiyo iliyoyatoa. Wengine hukuonyesha folda ya Prefetch yenye majina yasiyosomeka. Hiyo ni kumbukumbu tu ya kuharakisha uwakaji wa programu.

Baada ya maonyesho hayo ndipo linapokuja ombi lenyewe. Utaombwa upakue programu ya kudhibiti kompyuta kutoka mbali, kama vile AnyDesk au TeamViewer, kisha umsomee namba inayoonekana kwenye dirisha lake. Programu hizi ni halali, nami huzitumia kila wiki kwa wateja wangu, na ndiyo maana programu ya kuzuia virusi haitapiga kelele. Lakini ukishaisoma namba ile na kubofya kukubali, mtu huyo ameketi kwenye kiti chako. Anaweza kuifanya skrini yako iwe nyeusi akidai kwamba "usafishaji unaendelea", akafungua barua pepe zako, akanakili nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Zamani waliokataa kulipa waliwekewa nywila ya kuwakia kwa kutumia syskey, chombo kilichokuwamo ndani ya Windows yenyewe, wakajikuta wamefungiwa nje ya kompyuta zao wenyewe. Microsoft ilikiondoa chombo hicho kwenye Windows 10 mwaka 2017.

Msidhani kwamba ni mambo ya vijisenti. Kituo cha FBI cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa intaneti nchini Marekani kiliorodhesha hasara ya zaidi ya dola milioni 800 kwa mwaka 2022 kutokana na utapeli wa aina hii peke yake, na zaidi ya dola milioni 900 kwa mwaka 2023. Hizo ni za waliolalamika. Wenye haya hawamo.

Kuhusu njia wanazotufikia nitasema kwa kifupi, maana naamini wengine wataongezea. Simu usiyoitarajia ndiyo njia ya kale, na namba inayoonekana kwenye simu yako haithibitishi chochote kwa sababu huweza kughushiwa. Siku hizi kuna pia barua pepe yenye ankara ya huduma ambayo hukuinunua, ikikutaka upige namba fulani "kama hukuidhinisha malipo haya"; haina kiungo wala kiambatisho kibaya, ina namba ya simu tu, na kwa hiyo hupita kwenye vichujio kwa urahisi. Microsoft yenyewe imeeleza wazi kwamba haipigii watu simu bila kuombwa ili kuwatengenezea kompyuta, na kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauna namba ya simu. Ukiona namba ya simu kwenye onyo, suala limekwisha.

Mshumaa

Ndugu Fundi, ahsante kwa maelezo. Swali langu ni kuhusu onyo la kwenye kivinjari. Mwezi uliopita nilikuwa nasoma makala, ghafla skrini nzima ikawa ya buluu, sauti ya mwanamke ikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba kompyuta yangu imefungwa na kwamba nisiizime. Kipanya kilikuwa kama kimepotea na kila nilipofunga dirisha dogo lilirudi. Nilichomoa waya wa umeme, lakini betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilibaki nimeikodolea macho huku sauti ikiendelea. Je, nilikuwa nimeambukizwa?

FundiKitasa

Kwa maelezo yako, ndugu Mshumaa, hapana. Ule ulikuwa ukurasa wa wavuti kama ukurasa mwingine wowote, uliofika kwako pengine kupitia tangazo lililopachikwa kwenye makala uliyokuwa ukisoma. Umetengenezwa ujitanue kwenye skrini nzima, ufiche mshale wa kipanya na ucheze sauti iliyorekodiwa. Kivinjari kina uwezo wa kufanya hayo yote kwa sababu video na michezo huyahitaji, lakini ukurasa hauna uwezo wa kukagua diski yako wala kuifunga kompyuta.

Kwanza shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa, au bonyeza F11, ili utoke kwenye skrini nzima. Mara nyingi utaona upau wa anwani ukirudi, na anwani yenyewe haitakuwa ya Microsoft wala ya Apple. Ikishindikana, bonyeza Alt pamoja na F4. Ikishindikana tena, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukichague kivinjari kwenye orodha itakayofunguka, ukizime. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Jambo ambalo watu husahau ni hili: utakapokifungua kivinjari tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, nawe ukikubali kwa mazoea, yule mwanamke ataanza upya. Kataa. Na kama hakuna lililofanya kazi, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izimike. Sauti ilipokukataza kuizima ilikuwa ikilinda ukurasa wake.

Niongeze mtego mmoja unaowanasa hata waangalifu. Mtu anaogopa onyo, anasema moyoni kwamba hataipiga namba ile bali atatafuta namba halisi ya kampuni, anaandika kwenye mtambo wa utafutaji, na anapiga namba ya kwanza anayoiona. Nafasi za juu kwenye matokeo huuzwa, na matapeli hununua kama wafanyabiashara wengine. Mwaka 2025 ilionekana mbinu nyingine iliyonishangaza hata mimi: tangazo linakupeleka kwenye tovuti halisi ya kampuni, anwani ni sahihi kabisa, lakini kiungo kimebeba maneno yanayojiandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti hiyo, na maneno hayo ni namba ya simu ya tapeli. Kwa hiyo namba ichukuliwe kwenye ukurasa wa mawasiliano ulioufikia kwa kuandika anwani mwenyewe, au kwenye karatasi zilizokuja na kifaa.

KaraniWaDirisha3

Mimi nafanya kazi benki, na ningependa kueleza sehemu ambayo mafundi hawaioni, yaani saa mbili baada ya simu.

Mteja huyu huwa amekwisha kulipa zamani. Anapigiwa simu na kuambiwa kwamba kampuni iliyomhudumia inafungwa na hivyo anarudishiwa fedha zake, tuseme 300. Anaruhusu kompyuta idhibitiwe kutoka mbali, anaingia kwenye akaunti yake ya benki, na anaombwa aandike kiasi kwenye fomu. Akiandika 300, fomu inaonyesha 30,000. Tapeli anapiga ukelele: umeongeza sifuri, nimepeleka fedha nyingi, nitafukuzwa kazi, nina watoto. Mteja anatazama salio lake, na kweli limeongezeka.

Limeongezeka kwa njia moja kati ya mbili. Ama tapeli, wakati skrini ilipokuwa nyeusi, alihamisha fedha za mteja mwenyewe kutoka akaunti yake ya akiba kwenda akaunti yake ya matumizi. Ama alifungua zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari na kubadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye ukurasa. Badiliko hilo la pili liko kwenye skrini ile tu, na ukurasa ukipakiwa upya hutoweka. Mteja hapakii upya kwa sababu amekatazwa. Badala yake anatoka mbio kwenda kununua kadi za zawadi ili amsomee tapeli namba zake, au anakuja dirishani kwangu kutoa fedha taslimu, akiwa na nia njema kabisa ya kurudisha kisicho chake.

Nimejifunza kuwatambua kwa simu iliyo mfukoni ikiwa hewani. Huwa wamefundishwa la kusema: ukiulizwa, sema unakarabati nyumba. Siku moja nilimwandikia bibi mmoja kwenye kipande cha karatasi, "Je, aliye kwenye simu amekukataza usiniambie?" Alisoma, akaitazama simu, akatikisa kichwa kukubali.

Kuna pia mchezo mpana zaidi ambao FBI ilitoa onyo juu yake mwaka 2023, wenye wahusika watatu wanaopokezana. Wa kwanza ni fundi anayedai kugundua udukuzi, wa pili anajifanya ni wa kitengo cha ulaghai cha benki yako, na wa tatu anajitambulisha kuwa mtumishi wa serikali anayekuelekeza uhamishie fedha "mahali salama". Nawaambia kama karani: fedha zako hazina mahali salama kwenye akaunti ya mtu mwingine.

KalamuNyekundu

Mada ni nzuri, lakini naomba nipingane kidogo. Wanaonaswa ni wazee na watu wasiozoea kompyuta. Sisi tuliokua na vifaa hivi mkononi hatuwezi kumsomea mtu namba ya AnyDesk. Kwa nini tusiseme ukweli kwamba tatizo ni ujinga?

FundiKitasa

Ndugu Kalamu, ni kweli kwamba takwimu za FBI zinaonyesha wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaopoteza sehemu kubwa zaidi ya fedha, na sababu moja ni kwamba ndio wenye akiba. Ila neno ujinga halitoshi. Yupo mtu anayejiita Jim Browning, ambaye amejipatia umaarufu kwenye YouTube kwa kuingia ndani ya kompyuta za matapeli hawahawa na kuwarekodi kazini. Mwezi Julai 2021 mtu aliyejifanya wa kitengo cha msaada cha YouTube alimshawishi aifute chaneli yake kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye alirudishiwa, naye alieleza hadharani jinsi alivyonaswa. Kama yeye alinaswa, mimi na wewe tunasubiri tu kupigiwa simu siku ambayo tumechoka.

Halafu usifikiri kwamba hila hii hufanywa na watu wa gizani peke yao. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya maduka ya Office Depot ingelipa dola milioni 25, na Support.com dola milioni 10, kwa sababu ya programu ya "kukagua afya" ya kompyuta iliyotumika madukani. Mteja aliulizwa kwanza mambo manne, kwa mfano kama kompyuta yake imekuwa nzito au imewahi kuonyesha maonyo ya virusi. Kisanduku kimoja kikiwekwa alama, matokeo yalisema kwamba kuna dalili za programu hasidi, bila kujali ukaguzi ulikuta nini. Mteja aliingia mwenyewe dukani, akasimama mbele ya mhudumu aliyevaa sare. Ujinga wake ulikuwa wapi?

MwanaWaMama

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu alimruhusu mmoja wao jana jioni, kwa muda wa kama dakika 40. Hakulipa kwa sababu kadi yake ilikuwa chumba kingine na alipokwenda kuichukua nilikuwa nimefika. Kompyuta bado imewashwa. Amekaa kimya tangu jana na hataki kuizungumzia. Nianze wapi?

FundiKitasa

Anza na intaneti: ikate sasa hivi, kwa kuchomoa waya au kuzima Wi-Fi, kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu programu ile inaweza kuwa imewekwa ijiwashe bila mtu kuikubalia. Kisha chukua kifaa kingine, simu yako kwa mfano, ubadilishe nywila zake, ukianza na barua pepe, maana aliye na barua pepe huomba nywila nyingine zote zibadilishwe. Ukiwa humo, fungua mipangilio uangalie kama pamewekwa kanuni ya kupeleka nakala za barua kwa anwani usiyoijua; watu wengi hubadilisha nywila na kuiacha kanuni hiyo ikiendelea kuvuja. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Mpigieni simu mhudumu wa benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, hata kama hakulipa, kwa kuwa huenda akaunti ilifunguliwa wakati skrini ilipokuwa nyeusi. (Kwa wasomaji wengine: aliyetoa kadi ya zawadi apige simu haraka kwa kampuni iliyotoa kadi hiyo, akiwa na risiti mkononi, salio ambalo halijatumika linaweza kuzuiwa.)

Kuhusu kompyuta yenyewe, ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, programu ya kuzuia virusi iliyomo ndani ya Windows, ni hatua ya kwanza, lakini kwa dakika 40 mimi nisingeridhika nao. Ningehifadhi picha na nyaraka zake, kisha ningeweka Windows upya kuanzia mwanzo. Piga picha ya orodha ya programu kabla ya kufuta, na andika namba waliyopigia, kwa ajili ya polisi. Na watapiga tena, kwa sura ya kurejesha fedha au ya wakili wa kusaidia waathirika, kwa sababu jina lake sasa limo kwenye orodha yao.

Kuhusu ukimya wake, msomee kisa cha Jim Browning.

MwanaWaMama

Narudi na taarifa. Kulikuwa na programu mbili za kudhibiti kutoka mbali, si moja. Ya pili ilikuwa imejiweka kati ya huduma zinazowaka pamoja na mfumo, na Mama hakumbuki kuiona. Kwenye barua pepe hapakuwa na kanuni yoyote, lakini kulikuwa na kifaa kimoja kilichoingia jana jioni ambacho si chetu, nimekitoa. Benki wamebadilisha kadi. Windows inawekwa upya ninapoandika haya.

Wamepiga simu mara mbili leo. Mara ya pili Mama alipokea kabla sijamzuia, akaweka kipaza sauti. Mtu yule alisema anaweza kuthibitisha kwamba ni mtaalamu halali, akaanza kusoma: nane, nane, nane, D, C, A... Mama alimwacha afike katikati, kisha akamalizia yeye, kutoka kwenye simu yangu ambako nilikuwa nimemfungulia uzi huu. Upande wa pili ukawa kimya kidogo, halafu simu ikakatwa.